Apenisa na Programu Isiyokuwepo

Apenisa Tuilau, fundi wa tovuti ofisini kwetu hapa Suva, ana ugonjwa mmoja tu: vipya. Zana mpya ya kuundia programu ikitangazwa asubuhi, saa ya chai keshaipakua, na mchana anaiponda ile aliyoisifu jana. Tovuti ya tiketi za meli za Bi Litiana ameibomoa na kuijenga upya mara tatu mwaka huu. Mama wa watu akatuambia wazi kwamba tukiigusa tena kabla ya Krismasi, anatafuta mafundi wengine. Na yeye ndiye mteja anayetulisha. Nilikuwa na hofu, na hasira pia.

Bahati nzuri kijiji cha kina Apenisa na chetu ni tauvu, watani tangu enzi za mababu. Naweza kumnyang'anya samaki sahanini, na akinuna aibu ni yake. Basi nikabuni zana. Nikaiita Bilo, jina la kifuu tunachonywea yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, nikaitengenezea ukurasa wa kuvutia wenye ahadi moja: tiketi itakatika hata kisiwani ambako mtandao hauna uhakika. Zana yenyewe haikuwepo.

Ijumaa, kazi zimekwisha, tumezunguka bakuli la yaqona, nikamchokoza.

"Mtani, wenzako wako kwenye Bilo, wewe bado umelala."

Akapiga kofi moja la heshima kama ilivyo desturi, akapokea kifuu, akanywa chote. "Bilo? Mbona ya zamani hiyo. Naitumia tangu wiki iliyopita."

"Ehe, ikoje?"

"Nyepesi. Ina kasoro mbili tatu, nimewaandikia wenyewe."

"Wakasemaje?"

"Wamenishukuru sana."

Nilicheka mpaka yaqona ikanitokea puani. Nilipowaeleza wenzetu ukweli, ofisi nzima iliangua kicheko.

"Wenyewe ndio mimi, muongo we. Na sijakushukuru."

"Haya, mtani, umenipata," akasema akitabasamu. Nikaamini nimemtibu.

Jumatatu Bi Litiana akaja kukagua. Apenisa akampa simu. "Mama, tovuti yako sijaigusa. Lakini hebu jaribu na hii."

Nikachungulia. Ilikuwa Bilo. Mshenzi alikuwa ameitengeneza wikendi nzima, uongo wangu neno kwa neno. Nikajua tumeshampoteza mteja.

Bi Litiana akazima mtandao, akakata tiketi. Alipouwasha tena, tiketi ikajituma yenyewe.

"Dada zangu kule visiwa vya Lau wangeipata hii," akasema, "wasingekuwa wanapanda mlimani kutafuta mtandao. Naitaka. Nani kaibuni?"

Apenisa akaninyooshea kidole, uso mkavu kabisa. "Mtani wangu huyu. Kila kitu chake anakijua yeye."

"Basi abiria wakikwama wampigie yeye. Namba yake iwekwe kwenye kila tiketi."

"Nimeshaiweka, mama."