Dawa ya Mtu, Dawa ya Mdudu

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mama yangu nilimuuliza, nikambembeleza, nikamtishia, na uji ukapoa mezani mpaka ukafanya ngozi juu. Alikuwa amekuja kwangu Johannesburg kutoka Voi kutibiwa saratani, na kila alipotundikiwa ile dripu ya dawa kali alikaa siku kadhaa bila kutaka hata kuona sufuria. Daktari wake, mwanamke mpole asiyezungusha maneno, alituambia kwamba mwili usiokula hauwezi kubeba matibabu hayo. Uzito ukiendelea kushuka, itabidi wasimamishe. Tangu siku hiyo niliichukia mizani ya bafuni.

Mmea ulikuwepo kabla ya hofu hiyo. Mwaka huo wa 2018 mahakama ilikuwa imeamua kwamba mtu mzima anaweza kuotesha bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, faraghani, ingawa kuuza kulibaki kosa. Mwenzangu wa kazini, ambaye baba yake aliitumia kwa maumivu ya magoti, alinipa mbegu chache zilizofungwa kwenye karatasi. Mimi ni mtu asiyeweza kuacha mbegu bila kuizika. Nimewahi kuotesha kokwa za tende za harusini, na tangawizi iliyosahaulika kabatini. Nilizipanda hizo mbegu kwa udadisi tu, kwenye vyungu viwili nyuma ya nyumba yetu mtaani Malvern, kati ya ukuta wa jikoni na ukuta wa jirani, mahali ambapo jua linafika lakini macho ya barabarani hayafiki.

Mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kustaafu, na ni mzee wa kanisa. Kwa miaka mingi aliwanyang'anya wavulana majani hayo mifukoni, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Alisimama mbele ya vyungu akaniuliza kama hii ni bangi, nami nikasema ndiyo, na kwamba sheria ya huku inaruhusu. Alijibu kwamba ya Kaisari apewe Kaisari, akaingia ndani.

Hamu yake ya kula ilipozidi kufa, nilimuuliza daktari kuhusu bangi. Akasema yeye hawezi kuiandika, ila anao wagonjwa ambao imewapunguzia kichefuchefu. Kama tutajaribu, tuanze na kidogo sana, asivute, na yeye aambiwe. Nilimpelekea Mama habari hiyo kwa furaha, nikidhani neno la daktari litatosha.

"Nimeishi bila bangi," aliniambia, "nitakufa bila bangi."

Basi fikirini mshangao wangu asubuhi moja nilipomkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba, leso begani, miwani puani, amegeuza jani la bangi akilichungulia kwa chini. Aliniita nione. Vidukari vya kijani vilikuwa vimejipanga kwenye mshipa wa jani, na sisimizi walipanda na kushuka shinani bila kupumzika. Mimi nilikuwa nimewaona vidukari maisha yangu yote, na sisimizi pia, lakini sikuwahi kujua kwamba wanajuana. Mama alinieleza kwa ile sauti yake ya darasani. Sisimizi ni wafugaji. Kidukari anafyonza utomvu na kutoa tone tamu kwa nyuma, sisimizi analikamua, na kwa malipo anawafukuza wadudu wanaokula vidukari. Nilikimbilia kioo changu cha kukuzia. Tukakaa pale wote wawili mpaka chai yangu ikapoa, tukimtazama sisimizi mmoja akimgonga kidukari mgongoni kwa vipapasio vyake, tone likatoka, akalinywa.

Nilimuuliza kwa nini anausaidia mmea ambao hautaki.

"Mmea haujavuta bangi," alisema. "Mmea umeoteshwa tu."

Tangu hapo bustani ikawa yake. Alichanganya sabuni ya vyombo na maji mengi, akanyunyizia chini ya majani kabla jua halijawa kali, kisha akayasuuza kwa maji matupu. Ukingo wa vyungu aliupaka mafuta mazito ya kujipaka ili sisimizi wateleze. Vidukari vikapungua. Nilimwambia anafanya kazi nzuri, akasema anafanya kazi, nzuri atasema Mungu.

Si kwamba hakukosea. Januari jua lilipokaza siku nyingi bila mvua, majani yalianza kutoka vidoa vya manjano, na chini yake nikaona nyuzi nyembamba. Kwa kioo nilimwona mwenye nyuzi: utitiri mwekundu, mdogo kuliko nukta, akitembea kana kwamba amechelewa mahali. Mama akasema dawa yao ni jivu, akayapaka majani jivu la jiko letu la kuchomea nyama. Alasiri yake mbingu ya Johannesburg ikafanya inavyofanya: wingu jeusi, radi, na mvua ya mawe. Jivu likageuka uji mzito juu ya majani yaliyotobolewa. Mama alisimama mlangoni akiitazama ile mvua kwa ghadhabu, kana kwamba ni mwanafunzi aliyeingia darasani bila kubisha hodi.

Chumba cha uani alikuwa amepanga fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mtu wa heshima aliyemwita mama yangu Mama naye akimwita Baba. Aliuona ule msiba akatuhurumia.

"Mama, minaona wadudu iko nakula majani yote," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Miko na dawa ya kuua bote."

Ilikuwa dawa ya mende. Mama alimshukuru, akaikataa, kwa hoja ambayo hata mimi sikuitegemea kutoka kwake: kitakachonyunyizwa kwenye mmea ndicho kitakacholiwa na atakayeula. Fundi akacheka akasema tatizo ni hili neno letu. Kifaransa kina neno moja la kuponya na jingine la kuua wadudu, lakini sisi tunasema dawa, dawa tu. Dawa ya kikohozi inakuponya kikohozi, na dawa ya mbu haimponyi mbu. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo, na nilibaki nikiligeuza kichwani siku nzima. Mama hakuona tatizo lolote. Alisema Kiswahili kinamwachia mtu akili yake ifanye kazi.

Nilikwenda duka la bustani nikarudi na chupa ya mafuta ya mwarobaini. Nilikuwa nimesoma kwamba matone machache ndani ya maji ya sabuni yanawavuruga utitiri wasile wala wasizaliane, mradi usinyunyizie maua yakishatoka. Nilinyunyizia mara moja, nikaiweka chupa kwenye dirisha la jikoni, nikaenda kazini kesho yake kama kawaida.

Niliporudi nilimkuta Mama sakafuni bafuni, ameegemea ukuta. Ametapika mpaka hana cha kutapika, na chumba chote kinanuka uchungu, kama vitunguu saumu vilivyooza. Nikamuuliza amekula nini. Akasema hajala, amekunywa mwarobaini.

Asiyetoka kwetu haelewi. Voi mwarobaini uko kila ua. Mtoto akipata upele anaogeshwa majani yake, mtu mzima akipata homa anachemshiwa, na jina lenyewe linasema unatibu maradhi arobaini. Mama alikuwa ameiona chupa dirishani, ameyatambua majani yaliyochorwa, ameyasoma na maandishi yote kwa Kiingereza chake kizuri. Akajimiminia kijiko cha mezani.

"Niliona wameandika ni ya mimea," alisema. "Nikasema, hawa hawajui walichonacho."

Hospitalini nilijaribu kumweleza daktari nikakwama. Aliuliza kwa nini mtu aliyesoma amekunywa kitu cha kuua wadudu, na kwa Kiingereza swali hilo halikuwa na jibu la maana. Walimtazama saa kadhaa, wakampa maji ya dripu, wakaturuhusu kurudi nyumbani. Mafuta hayakuwa yamemdhuru sana, ila alikuwa hana nguvu hata ya kushika mkoba. Walimpima uzito kabla hatujatoka. Daktari alitazama namba akatuambia, polepole, kwamba mwezi unaofuata ikishuka tena hataendelea.

Njiani nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mama yangu. Tulisimama kwenye robot, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, na nikamfokea: kwamba anakataa kula, anakataa kusaidiwa, halafu anakunywa sumu kwa hiari yake. Ilikuwa hofu, lakini ilitoka kama hasira. Aliniacha nimalize. Taa ikawaka kijani, gari la nyuma likanipigia honi.

"Dawa niliyoiamini imenilaza chini," alisema. "Ile nisiyoiamini itakuwa tayari lini?"

Haikuwa tayari. Hilo ndilo lililonitesa wiki zile. Maua yalikuwa yameshatoka, na kila asubuhi nilitoka na kioo kutazama yale manyoya yake madogo yenye vichwa kama matone. Yanaanza angavu kama maji, kisha yanakuwa meupe kama maziwa, na hapo ndipo panapongojewa. Yalikuwa bado maji. Sikujua kabla ya hapo kwamba ua linaweza kusomwa kama saa, na ningefurahia kujua kama nisingekuwa naisoma saa hiyo kwa ajili ya mama yangu.

Viwavi navyo vikaja. Nondo hutaga mayai juu ya ua, na kiwavi huingia ndani na kula akiwa amejificha, kwa hiyo unamtambua kwa punje nyeusi za kinyesi chake tu. Kunyunyizia tena hakukuwezekana. Mama alikalia kiti cha plastiki, blanketi magotini kwa kuwa Machi ilikuwa imeanza kupoa, akavichomoa kimoja kimoja kwa kibanio changu cha nyusi. Alichoka upesi. Alifanya kidogo, akapumzika, akafanya tena, na hakuniruhusu nimpokee kwa sababu alisema nina papara na ninayabonyeza maua. Kisha mvua ya mwisho ikaleta ukungu wa kijivu katikati ya shina la chungu kimoja. Tulikata mmea mzima tukautupa. Nililia mbele ya pipa la taka bila haya, na fundi akajifanya hanioni. Kilichobaki kilikuwa chungu kimoja.

Hicho kilikomaa. Nilikausha maua ndani ya kabati, nikayapasha moto mdogo kwenye oveni huku madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya majirani, nikayaloweka kwenye mafuta ya nazi na kuyachuja. Chupa niliiandika jina la mama yangu tu. Neno dawa sikuliweka.

Jumamosi mchana, baada ya dripu, nilimpa tone juu ya kipande cha mkate kidogo kuliko kidole. Alisali kwanza, sala ndefu isiyo ya kawaida, akakitafuna akiwa amekunja uso. Nilikaa mbele yake nikimtazama kwa namna ambayo lazima ilimchosha. Aliniambia niende nikapike, kwani hata bangi ina aibu ya kutazamwa hivyo.

Nikasonga ugali, nikakaanga mchicha na nyanya. Baadaye nikamsikia akiuliza kutoka sebuleni ni nini kinachonukia. Kwa wiki nyingi swali hilo aliliuliza kwa kuziba pua. Safari hii alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akanawa mikono, akala. Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, kama mtu anayemsikiliza mwenzake. Mizani ilipanda kidogo mwezi uliofuata na matibabu yakaendelea, lakini ninachokumbuka zaidi ni meza ile, kwa sababu katikati ya kula alisita, mkono ukiwa bado kwenye sahani, akasema alikuwa na kaka.

Mimi sikuwahi kusikia habari za mjomba huyo. Mama alinieleza bila kunitazama. Kaka yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, akaangukiwa na mzigo, mgongo haukupona. Akaanza kuvuta bangi nyuma ya choo. Kanisa likajua, baba yao akaona aibu, na siku moja aliporudi jioni wakamfungia mlango. Yeye, mama yangu, ndiye aliyeweka komeo. Kaka yake hakubisha mara ya pili. Alikwenda zake, na hawakuwahi kusikia alipofia.

"Tulisema ni mhuni," alisema. "Alikuwa anaumwa."

Kisha akasema, kama anayemsomea mtu aliye mbali, kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na ugali na mwingine ulikuwa umeshika wangu. Halafu akanisogezea sahani nimwongezee.