Gauni la Kabla

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja mjini Thika, na mama yangu alishona vibaya kuliko mwanamke yeyote niliyepata kumjua. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo nisingeingia chuoni.

Tuliishi Ruiru, karibu na shamba la kahawa alikofanya kazi Mama. Kwenye mti wa kahawa mikono yake ilikuwa myepesi hata mnyapara alipenda kumwonyesha wageni. Mpe sindano sasa, uone maajabu. Alishona kifungo kwa uzi wowote uliokuwa karibu, mweusi kwenye shati jeupe, akauzungusha na kuuzungusha mpaka kifungo kikasimama kama uyoga, halafu akapiga fundo kubwa upande wa nje ili watu waone kwamba limefungwa. Baba alilala Thika siku za kazi na kurudi kwa baiskeli Jumamosi. Jioni, baada ya chai, alichukua wembe akavifumua vifungo vyote alivyoshona Mama wiki hiyo, akavishona upya bila kusema neno. Mama naye wakati huo lazima awe na shughuli jikoni.

Jumamosi hizo ndizo nilizojifunzia kazi. Tulikuwa na cherehani kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, na Baba alinifundisha kukata, kupiga marinda, kuweka kola na kushona pindo ambalo uzi wake hauonekani nje. Hakunisifu hata mara moja. Akiridhika aliguna, akiguna mara mbili nilijua leo nimefanya maajabu.

Nilipomaliza shule nilimwomba anitafutie nafasi pale verandani. Alinitazama kama mtu niliyemwomba anipeleke kilabuni.

"Aca, Maitu, hapana," alisema. Aliniita hivyo, yaani "mama yangu", kwa sababu nilirithi jina la mamake. "Pale ni wanaume watupu. Maneno yao si ya msichana kusikia."

Wanaume hao ndio waliowashonea wanawake wa Thika nzima, kuanzia gauni la ubatizo mpaka la harusi, lakini mwanamke alifika pale kupimwa tu. Shuleni nako sindano ilikuwa ya wasichana, mvulana akiishika anachekwa hadi nyumbani. Sikuelewa ni katika umri gani hasa sindano ilibadilika ikawa ya wanaume, na hakuna aliyetaka kunieleza. Mwenye duka, kwa upande wake, alimwambia Baba kwamba msichana mwenye cheti cha misheni angempa cherehani ndani ya duka, mahali penye kivuli, ashonee mabibi. Basi cheti ndicho nilichokitaka.

Jumapili moja ikatangazwa kanisani kwamba chuo cha wasichana cha misheni, ng'ambo ya mto Chania, kimeanza kozi ya miaka miwili ya kushona na kubuni mitindo ya mavazi. Kozi nyingine zilikuwa ualimu na uuguzi. Baba alipendelea ualimu.

"Kubuni mitindo," alisema tulipokuwa tukirudi nyumbani. "Mtu ana mikono miwili na shingo moja. Hapo utabuni nini?"

"Baba watoto, si wewe ulimfundisha?" Mama akamuuliza. "Sasa unashangaa akipenda?"

Baba akaguna. Mara moja tu, lakini ilitosha.

Chuo kilikuwa na sharti moja: kila msichana aje kuhojiwa akiwa amevaa gauni alilolishona kwa mkono wake. Niliposikia hivyo nilicheka kwa furaha, kwa maana kama ningepewa nafasi ya kutunga sharti mwenyewe ningetunga hilo. Baba alileta kitambaa cha pamba cha kijani kutoka Thika. Nilishona gauni lenye kola ya mviringo na marinda kiunoni, na nikaacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono kama alivyonizoesha, ili siku nikinenepa lipanuliwe. Siku hizo za hali ya hatari mtu wa kabila letu hakutoka kijijini bila pasi, na karani wa chifu aliniuliza safari yangu ni ya nini. Nikamwambia naenda kuonyesha gauni. Alicheka sana, lakini pasi alinipa.

Mkuu wa chuo alikuwa bibi wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kuamrishia watunza bustani. Alinizungusha mara mbili, akainama, akageuza pindo langu. Uso wake ukaingia huzuni.

"Hii wewe nunua dukani," alisema.

"Hapana, Memsahib. Nilishona mwenyewe."

"Hapana sema wongo. Hii kazi ya Muhindi."

Nilimwonyesha cherehani iliyokuwa ukutani na kuomba nimshonee chochote atakacho, hapo hapo. Akasema cherehani ni ya wanafunzi, na mimi bado si mwanafunzi. Mbele yangu alikuwa amempokea msichana ambaye pindo lake lilishikwa na pini, akamsifu kwa ukweli wake. Mimi alinihurumia. Aliniambia nirudi muhula ujao na kitu nilichoshona mimi mwenyewe, hata kama ni kibaya, kwa sababu Mungu hapendi udanganyifu.

Nililia kutoka huko mpaka stesheni ya Ruiru.

Jumamosi Baba alisikiliza habari yote bila kuinua macho. Nilidhani angefurahi kidogo, maana kazi aliyonifundisha ilidhaniwa kuwa ya dukani. Badala yake alikunja futi yake ya kupimia polepole akaitia mfukoni.

"Hatushoni vibaya ili kumfurahisha mtu," alisema. "Kama hawataki kazi nzuri, utakwenda ualimu."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kumwambia mteja ana kwa ana kwamba suruali aliyoitaka haitamfaa. Neno lake halikuwa na mlango wa nyuma. Jumatatu alipopanda baiskeli na kupotea kwenye kona, Mama alichomoa kipande cha kitambaa cha amerikani chini ya kitanda.

"Shona mbaya," alisema.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilikunja kola upande, lakini ule upande wa pili nao mkono wangu ukaukunja vile vile, na kola ikatoka imependeza. Nilipotosha marinda, yakapotoka yote kwa kipimo kimoja, ukadhani ni mtindo mpya kutoka Nairobi. Nilikuwa natafuta kuingia chuo cha kushona na kilichonizuia kilikuwa kwamba najua kushona. Mama akaninyang'anya sindano.

"Ngai! Hata kuharibu hujui? Lete hapa."

Alianza kwa mzaha. Alishona mkono wa kwanza akiimba nyimbo za kanisani na kunikonyeza. Lakini alipofika mkono wa pili wimbo ulikatika. Aliegemea dirishani apate mwanga, akauma ulimi, akafumua sehemu aliyoona haikukaa vizuri, akaishona tena, na ikawa mbaya zaidi. Alifanya hivyo wiki nzima kila akitoka shambani. Aliponivika alirudi nyuma hatua kadhaa, akanitazama kwa macho ambayo sikuyategemea.

"Si limekaa?" aliniuliza.

Mkono mmoja ulifika kwenye kiwiko na mwingine ulikaribia vidole. Vifungo vilisimama kama uyoga, kimoja hakikuwa na tundu, na mafundo yalitapakaa kifuani kama punje za mahindi. Nikamwambia limekaa. Nikaelewa kwamba hakuniharibia kitu. Hivyo ndivyo alivyojua kushona, na alikuwa amejitahidi.

Mkuu wa chuo aliliona nikiwa bado mlangoni, akapiga makofi.

"Sasa hii ni kweli!" alisema. "Hii mimi naweza saidia."

Nikapokelewa. Gauni lilichukuliwa na kutiwa kwenye sanduku la chuo, sikujua kwa nini. Baba aliambiwa wamebadili mawazo, akasema afadhali wamepata akili. Mama alikuwa na shughuli jikoni.

Kuhusu masomo yenyewe nisiseme mengi. Mwaka wa kwanza tulivisha meza. Mwaka wa pili tulivisha viti, madirisha na birika la chai, ambalo lilishonewa kofia yake ya sufi. Tulipofika muhula wa mwisho tu ndipo tulipoambiwa kila mmoja ashone gauni la kuvaliwa na binadamu. Kitambaa nilikuwa nacho. Lakini hasira nayo nilikuwa nayo, ya miaka miwili. Nilitoa lile gauni la kijani sandukuni mwangu, nikalipanua kiunoni kwa kitambaa cha akiba, nikalipiga pasi na kulipeleka. Mkuu wa chuo aligeuza pindo lile lile. Safari hii macho yake yalilengwa na machozi.

"Hii sasa," alisema, "ni kazi ya chuo yangu."

Siku ya wazazi niliingia ukumbini mbele ya Baba na Mama, nikasimama kama niliyepigwa. Ukutani, kando ya chupa ya maua, gauni la amerikani na gauni la kijani yalitundikwa pamoja. Juu ya moja paliandikwa KABLA na juu ya jingine BAADA. Vyeti vilikuwa mezani, bado havijagawiwa.

Baba alilitambua la kijani hata kabla hajalifikia, kwa sababu kitambaa alikinunua yeye na kila mshono aliufundisha yeye. Kisha akageukia la amerikani. Aligusa kifungo kimoja. Aligusa fundo. Alimtazama Mama, na Mama akatazama viatu vyake. Nilijua mambo yamekwisha. Mtu asiyeweza kumdanganya mteja kuhusu suruali hangeweza kunyamaza hapo.

Mkuu wa chuo alikuja mbio, amefurahi. "Mzee, mimi nasikia wewe ni fundi. Ambia wazazi, unaona nini?"

Baba alikohoa.

"La kijani ni kazi safi," alisema. "Mimi sina la kuongeza. Lakini hili lingine ndilo lililomwingiza mtoto wangu hapa. Aliyelishona alijitahidi sana, naona. Memsahib, naomba nilichukue niende nalo nyumbani."

Ukumbi ukaangua kicheko, mkuu wa chuo akacheka zaidi ya wote, akalitungua kwa mikono yake. Nami nikapewa cheti.

Jumamosi jioni, baada ya chai, Baba alichukua wembe. Mama aliinuka kwenda jikoni kama kawaida. Gauni la amerikani lilining'inia kwenye msumari ukutani, na shati jeupe la Baba la kanisani, ambalo Mama alilishonea kifungo wiki hiyo, lilikuwa magotini pake. Kisha akaurudisha wembe kwenye kopo lake.

Kesho yake, fundi aliyejulikana Ruiru na Thika alisimama mbele ya kanisa kusoma matangazo akiwa na kifungo kilichoshonwa kwa uzi mweusi, kimesimama kama uyoga katikati ya kifua. Mama alikaa kiti cha mbele, na sikumbuki kumwona ameimba kwa sauti kubwa vile.