Kadenge alipasua puto, mtu akasema "Amina"

Saa nne asubuhi. Kadenge Mramba ameinua mkono kama askari wa trafiki na chumba kizima kimenyamaza. Mbele ya maiki amesimama Mama Dorcas Nguma, mwimbaji kiongozi wa kwaya, mkoba begani, macho ameyafumba. Jikoni, Faith, mkewe Kadenge, ameshika sahani ya vitunguu juu ya mafuta yaliyokwisha kupata moto, lakini hathubutu kuvimwaga.

Mkono unashuka. Mama Dorcas anavuta pumzi. Hapohapo, upande wa pili wa ukuta, kinu cha kusaga mahindi kinaanza kuunguruma.

"Ummi!" Kadenge anapaaza sauti dirishani. "Ummi, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana dakika kumi, nawe umeshakula nusu saa!" anajibu mwenye kinu. "Wallahi, mahindi ya watu hayangoji nyimbo zako!"

Faith anamwaga vitunguu. Kama ni kelele, basi na zije zote kwa pamoja.

Hii ndiyo studio ya Kadenge: chumba cha mbele cha nyumba yake ya kupanga huko Mtopanga, Kisauni. Ukutani kuna mablanketi, mlangoni kumesimamishwa godoro, na feni huzimwa kila anaporekodi, joto la Mombasa lote likabaki ndani na mwimbaji. Zamani alikuwa akifunga vipaza sauti kwenye harusi na matanga. Leo ana umri wa miaka thelathini na minane, na kwaya humfuata kutoka Likoni hadi Changamwe. Wimbo mmoja ni shilingi elfu tatu, na hapo mteja ameshalia vya kutosha.

Kurekodi kwenyewe hakumsumbui. Kinachomnyima raha ni mwangwi.

"Kila mtu anataka mwangwi," analalamika. "Nikiongeza, ananiambia hasikii maneno. Nikipunguza, ananiuliza mbona nimemfungia kabatini. Sasa mimi nifanye nini?"

Sauti iliyorekodiwa kwenye chumba cha mablanketi hutoka kavu, haina uhai. Kwa hiyo Kadenge hutumia programu ndogo inayopachikwa ndani ya ile kubwa ya kurekodia. Mafundi wenzake huiita plagini. Kazi yake ni kuivisha sauti jengo. Mtu anakwenda ndani ya jengo la kweli, anapasua puto, na kurekodi jinsi mlio unavyogonga kuta na paa na kurudi. Rekodi hiyo ikiingizwa kompyutani, mwimbaji wa Mtopanga husikika kana kwamba amesimama ndani ya jengo lile.

Plagini ya Kadenge ilikuja na majengo yake tayari: kumbi za muziki, mapango, makanisa makuu ya Ulaya. Kwaya nyingi husikia kanisa kuu la Ulaya zikapiga vigelegele.

Mama Dorcas hakupiga. Kwaya yake ni ya kanisa dogo la mawe karibu na Port Reitz, lililokuwa na paa la mabati lisilo na dari, na ndani yake ameimba tangu akiwa msichana; Kadenge naye alilelewa humohumo. Mapema mwaka huu kanisa lilipoamua kubomoa jengo hilo ili lijenge jipya, kwaya nayo iliamua kurekodi nyimbo zake za zamani, zizinduliwe siku ya ufunguzi. Kadenge akamrekodi wimbo mmoja, akauvisha Ulaya, akamwekea hedfoni.

"Hapa ni wapi?" Mama Dorcas aliuliza.

"Ni kanisa kubwa la ng'ambo, mama."

"Mimi sijaimba huko," alisema, akavua hedfoni. "Usinisingizie, mwanangu. Nitie kwetu, au uniache."

Na bila yeye hakuna nyimbo. Wenzake wa kwaya huitikia. Anayeanzisha ni yeye, na anayejua beti zote ni yeye. Kadenge akahesabu siku zilizobaki kabla mafundi hawajapanda juu ya paa, akaenda dukani kununua maputo.

Alichotaka kilikuwa kidogo sana. Alitaka kanisa tupu, mlango uliofungwa na ukimya. Hakupata hata kimoja.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Bwana Mwangi, mzaliwa wa bara aliyekuja Mombasa kufanya kazi bandarini, hakuelewa kelele zote hizo ni za nini. "Bro, si ni kompyuta tu? Kwani hiyo mashine haiwezi kujitolea echo yake?" alimuuliza. Halafu akatangaza jambo hilo ibadani. Jumamosi Kadenge alipofika na mifuko yake, alikuta kanisa limejaa. Watu walikuja kuliaga jengo lao, wamevaa vizuri, na wengine wamebeba watoto.

Kuwatoa hakuweza. Kuanza bila maombi hakuruhusiwa. Maombi yalipokwisha, alisimama madhabahuni na puto mkononi, akawaeleza kwa upole wote aliokuwa nao: puto likipasuka, mtu yeyote asiseme, asikohoe, asiguse kiti, mpaka yeye mwenyewe ashushe mkono.

Puto la kwanza lilikutana na kelele za ndege iliyokuwa ikishuka kuelekea uwanjani. La pili lilimwamsha mtoto. Mengine mawili yalikuwa yamekaa sana dukani, yakapasukia mdomoni mwake wakati akiyapuliza, na watu wakacheka hadi wakafuta machozi.

Likabaki moja.

"Nikalipasua," anasimulia Kadenge, na hata leo anajishika kichwa. "Mlio ulikuwa safi! Ukaenda juu kwenye mabati, ukazunguka, ukaanza kurudi taratibu kama ulivyokuwa ukirudi tangu tukiwa watoto. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema. Na hapo, kabla haujaisha, mtu akasema, 'Amina.'"

Kwa nini amina? Kila aliyelelewa katika kanisa hilo anajua. Pale mtu hawezi kusema jambo likaachwa lining'inie. Kukiwa na kimya, lazima awepo wa kulipokea. Puto lilisema lake, likapokewa.

Kadenge aliomba apewe nafasi tena baada ya ibada ya Jumapili. Mwangi alimhakikishia kwamba mafundi wangeanza Jumatatu. Mafundi walipata nafasi Jumapili mchana. Kadenge alipofika na maputo mapya, mabati yalikuwa yameshapangwa chini na jua linawaka juu ya madhabahu. Alipasua moja hivyohivyo, kwa hasira tu. Lilitoa mlio mfupi, ukapotelea angani.

Ndiyo maana rekodi pekee ya sauti ya kanisa lile ni ile yenye doa. Doa lenyewe si dogo. Kwa kuwa plagini huivisha kila sauti kila kilichomo katika rekodi, amina ile hufuata kila neno linaloimbwa na kila pigo la ngoma.

"Ni nani aliyesema?" mwandishi wa makala haya anamuuliza.

Kadenge anatazama sakafu. "Kuna mtu. Simtaji."

"Watu wengine hawana adabu," anadakia Mama Dorcas, ambaye sasa amekaa kwenye kiti akisubiri kinu kinyamaze. "Mtu anaambiwa nyamaza, na yeye ni mtu mzima, hanyamazi. Ningemjua, mimi mwenyewe ningemsema."

Kadenge anakohoa kidogo, anageukia kompyuta.

Kwa miezi sasa amejaribu kila njia ya kuondoa amina ile. Ameikata rekodi kabla ya neno, na mwangwi ukakatika ghafla. Ameizima kidogo kidogo, na kanisa likawa dogo kama choo. Jana usiku Faith alimwambia aache, amrudishie Mama Dorcas wimbo wake na amwombe radhi.

Ummi amezima kinu. Kadenge anamwekea Mama Dorcas hedfoni na kumsikilizisha ile iliyokatwa. Mama anasikiliza kwa muda mfupi tu, kisha anatikisa kichwa.

"Ni kwetu, lakini kuna mtu amefunga mlango."

"Nimekata, mama. Sina namna nyingine."

"Basi tuache, mwanangu. Tumejaribu."

Anachukua mkoba wake. Ni hapo uvumilivu wa Kadenge unapomwishia. Anamgeukia mwandishi, sauti imepanda. "Si wewe unaandika? Basi sikiliza uone nilivyoharibiwa kazi!" Anaichomoa hedfoni ili sauti itoke kwenye spika, anarudisha rekodi nzima isiyokatwa, anasogea kwenye maiki na kupiga kofi moja la viganja.

Kofi linapanda kwenye mabati ambayo hayapo tena. Linazunguka, linashuka. Kisha, kwa mbali, kana kwamba kutoka viti vya mbele, sauti ya mwanamke: *Amina.*

Mama Dorcas amesimama mlangoni kando ya godoro.

"Rudia," anasema.

Kadenge anapiga kofi. *Amina.*

"Ni nani huyo?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, Kadenge. Ni nani huyo asiyesikia?"

Miezi yote hii heshima imemfunga mdomo. Mtu wa umri wa mama yake haambiwi maneno kama hayo. Lakini leo amechoka. "Ni wewe, mama," anasema. "Ulikaa kiti cha mbele. Nilikuona kwa macho yangu."

Jikoni, mwiko wa Faith umetulia.

Mama Dorcas anarudi ndani. Anaweka mkoba chini, anakwenda kwenye maiki na kupiga kofi mwenyewe. Anaisikiliza sauti yake ikimrudia kutoka ndani ya jengo ambalo leo ni uwanja wa kokoto. Anapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Kwa hiyo mimi nimo," anasema.

"Umo, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Shida gani? Sasa hapo nani ataniambia sikuimba humo? Iache ilivyo."

Anaimba. Nyuma ya kila mstari kuna mnong'ono usioshikika, kama wa watu waliojaa kwenye viti, na mara hii Ummi, aliyekuja dirishani na unga mashavuni, hana haraka ya kurudi kinuni. Mama Dorcas anamaliza beti zote bila kusimama.

Kadenge sasa ana mpango. Anataka kuzunguka Likoni, Kisauni na Changamwe akirekodi sauti za majengo ya zamani kabla ya mafundi kuyafikia: madarasa, kumbi za harusi, makanisa ya mabati. Lakini kwanza atajipima na kanisa jipya la Port Reitz siku ya ufunguzi, ingawa amesikia litawekwa dari na zulia, na anajua jinsi vitu hivyo vinavyomeza sauti.

"Ila safari hii nimejifunza," anasema, akikunja nyaya. "Nitafika mapema, nitawafungia nje wote, mkubwa kwa mdogo. Sitaki kusikia neno la mtu yeyote!"

Mama Dorcas ameshafika uani, mkoba begani, lakini masikio yake bado ni mazima.

"Amina," anaitikia.