Mwanamke Aliyepima Sketi

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani Rwezamenyo, hapa Kigali, Donatille alikuwa akiukunja utepe wake wa kupimia ukawa duara dogo, akaufunga kwa raba, akauchomeka ndani ya soksi. Mafundi cherehani wa mtaa wetu hutembea na tepe zao shingoni. Yeye hakutaka mtu yeyote auone wa kwake.

Alikuwa matroni wa wasichana katika shule moja ya sekondari huko Kicukiro, wasichana na wavulana pamoja. Kazi yake ilikuwa kuwapa pedi, kuwalaza wanaoumwa tumbo, kuwapigia simu wazazi. Kupima sketi pia ilikuwa kazi yake, lakini aliifanya chumbani kwake, mlango umefungwa, binti amesimama. Ikizidi ufupi, alifumua pindo yeye mwenyewe na kulishona upya, huku wakipiga soga.

Kisha akaja mkuu mpya wa nidhamu, Mugenzi. Yeye aliamuru upimaji ufanyike uwanjani, mbele ya bendera, wasichana wakiwa wamepiga magoti juu ya sementi. Pindo likigusa chini, binti anaingia darasani. Lisipogusa, anarudi nyumbani. Wavulana walibaki kwenye mistari yao, wakitazama.

Donatille alimfuata kwenye chumba cha walimu.

"Hawa ni mabinti wakubwa," akamwambia. "Niachie niwapime kule kwangu."

"Mama, mimi nimekulia Uganda. Kwetu msichana kupiga magoti ni adabu. Dada zangu walipiga magoti kunisalimu, na hakuna aliyekufa."

"Mimi nimekulia Bujumbura. Sisi tulipiga magoti kanisani tu."

"Basi fikiria uko kanisani."

Walimu wawili wakacheka. Mugenzi akaona afafanue. "Hapa walimu wengi ni wanaume, Mama. Nao ni binadamu. Tusiwape majaribu."

Aliponisimulia maneno hayo, Donatille alikunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Alisema aliwatazama wale walimu mmoja mmoja, akisubiri angalau mmoja aseme, mimi usinihesabu. Wakatazama vikombe vyao. Watu wazima, wenye vyeti, wenye mabinti nyumbani, wakakubali kwamba adabu yao inashikiliwa na pindo la sketi ya mtoto.

Hata hivyo alipima. Bertrand, mwanawe wa pekee, alikuwa anasoma chuo kikuu Huye, na ada yake ilitoka kwenye mshahara huo. Wanafunzi wakampa jina jipya, Sentimita. Aliwasikia, hakuwagombeza.

Jambo ambalo Mugenzi hakutaka kulielewa ni kwamba watoto hukua. Pale shuleni sketi hununuliwa mwaka wa kwanza, na mama mwenye akili hununua kubwa yenye pindo nene. Kila mwaka pindo linafumuliwa kidogo, na mikunjo ya zamani inabaki kama michirizi kwenye kitambaa. Wavulana nao hukua. Kulikuwa na mmoja, Niyonzima, suruali yake ilikuwa imepanda mpaka katikati ya miundi. Alipita kila siku, na hakuna aliyeuliza miundi yake inamjaribu nani. Vichwa vya wote, wasichana kwa wavulana, vilinyolewa sawa. Usawa uliishia hapo, kwenye nywele.

Ihirwe alikuwa kidato cha sita, mrefu kuliko walimu wengi. Alitoka Kinyinya kila siku, na parokia ya huko ndiyo iliyomlipia ada, kwa sharti kwamba asikose mtihani hata mmoja. Sketi yake haikuwa na pindo tena. Lilikwisha kufumuliwa lote.

"Mama, sketi haijapungua," alimwambia Donatille siku moja. "Ni miguu ndiyo haisikii."

Jumatatu ya mtihani wa majaribio, Ihirwe alipiga magoti na wenzake. Kati ya kitambaa na sementi palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Donatille aliiona. Ihirwe naye alijua, akafumba macho.

"Ya huyu iko namna gani?" Mugenzi akauliza.

"Inagusa," akasema Donatille.

Wanafunzi wa mistari ya mbele waliiona nafasi ile kwa macho yao.

"Inagusa?"

"Inagusa. Kama una mashaka, inama uangalie mwenyewe."

Aliniambia alikuwa na hakika hatainama. Mwanamume mwenye tai, mbele ya shule nzima, ataona aibu. Hilo ndilo alilolitegemea, na hapo ndipo alipokosea.

Mugenzi aliinama. Alikunja mikono ya shati, akashusha kichwa mpaka shavu likakaribia sementi, akawasha tochi ya simu, akaingiza rula chini ya ukingo wa sketi ya Ihirwe. Mvulana mmoja akaanza kucheka, akaacha, maana hakuna aliyemfuata.

"Haigusi," Mugenzi akatangaza, akijipangusa vumbi shavuni.

Ihirwe alitolewa nje ya lango karatasi za hesabu zikigawiwa. Alipata sifuri, na parokia ikasema italitafakari suala lake. Mpaka leo wanatafakari, naye yuko nyumbani.

Mkuu wa shule, mwanamke, mama wa mabinti, aliitisha kikao jioni hiyo hiyo. Kilichojadiliwa ni uongo wa matroni mbele ya wanafunzi. Habari ya mwanamume aliyelaza kichwa chini na tochi haikuguswa. Mwalimu mmoja aliuliza kama chai ipo. Donatille alifukuzwa kwa kukosa uaminifu, na Mugenzi akaombwa apendekeze matroni mwingine.

Sasa Donatille anakaanga maandazi barazani, mimi mpangaji wake nikiwa mteja wa kwanza. Bertrand amesimamisha masomo, anabeba matofali kwenye majengo mapya. Wasichana wa shule ile bado wanapiga magoti. Mmoja wao, anayeishi mtaa wa pili, hupita hapa akiwa na viraka vya vumbi kwenye magoti, na Donatille humpa andazi bila kumwuliza kitu.

Nilikaa na swali langu muda mrefu, kwa sababu si rahisi kwangu kuwauliza watu mambo yao. Asubuhi moja nikamwuliza: angerudishwa pale uwanjani, angesema tena kwamba inagusa?

Aligeuza maandazi, akasubiri yaive upande wa pili.

"Hapana," akasema. "Ningesema haigusi, mtoto amekua, mwacheni aingie."