Orodha ya Handaki

Chuo changu cha London kilikuwa na maadui wawili: Warusi, na chuo cha ng'ambo ya mto. Wote wawili walikabidhiwa mtu mmoja, meja mstaafu aliyekuwa mwalimu wetu wa tenisi. Asubuhi alitufundisha kupiga mpira. Mchana alitufundisha kulala kifudifudi bomu la nyuklia likija, mikono kisogoni, kana kwamba bomu litaona haya kumuunguza mtu aliyelala kwa adabu.

Chini ya bwalo palikuwa na ghala la zamani la mvinyo. Meja aliligeuza handaki, akabandika ubaoni orodha ya watu arubaini watakaookolewa: mkuu wa chuo, wahadhiri, mpishi, na wachezaji sita wa timu ya kwanza. Dunia ikiisha, lazima wabaki watu wa kucheza tenisi. Mimi nilikuwa wa saba, mchezaji wa akiba.

Wenzangu waliicheka orodha ile. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka Unguja mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi, na mlango ukibamizwa bado nilishtuka. Nililitaka jina langu liwemo. Nilipomweleza ami yangu, niliyekuwa nikikaa kwake mtaa wa Thornton Heath, aliweka chini kikombe cha chai.

"Watu wana listi ya kupona na wewe humo? Shika raketi yako, mwanangu!"

Wiki ya mashindano na chuo cha ng'ambo, mchezaji wetu wa sita aliteguka kifundo cha mguu. Meja akanipa nafasi yake.

"Ukishinda, nafasi hii ni yako moja kwa moja."

"Na kwenye orodha?"

"Na kwenye orodha," alisema, bila kunitazama.

Nilicheza kama mtu anayefukuzwa. Mpinzani wangu, kijana mpole, aliniomba radhi kila mpira ulipogusa wavu, nami sikumjibu hata mara moja. Nilishinda. Meja alinipiga begani, akaniita shujaa.

Jumamosi iliyofuata king'ora cha mazoezi kililia. Nilifika wa kwanza mlangoni, na sare yangu mpya ya timu. Meja akanizuia kwa kiganja.

"Wewe umeshapitia mapinduzi kwenu," alisema kwa upole. "Umezoea mambo haya. Huku nje utatufaa zaidi."

Akanivisha kofia ya chuma, akanipa ndoo ya mchanga na ufunguo. Mlango ule ulikuwa ukifungwa kwa nje tu, tangu enzi za kuwazuia wanafunzi wasiibe mvinyo. Wakateremka arubaini, na aliyeteguka akiwamo, akichechemea. Nikafunga.

Iliniuma, sitaficha. Nilimkumbuka mama, siku zile za mapinduzi. Alikuwa ameshikilia komeo kwa mikono miwili, na kila aliyebisha alimfungulia, hata jirani ambaye walikuwa hawasemezani, mpaka tukawa tunapakatana sakafuni.

Nikapanda bwaloni. Sandwichi za tango walizoandaliwa mashujaa wa handaki zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa. Nilikuwa nikila ya tano king'ora cha kutangaza usalama kilipolia. Nilikula na ya sita, nikashuka polepole. Mlango ulikuwa unagongwa kwa ngumi.

"Fungua, kijana! Ni mimi, Meja!"

"Subiri kidogo, bwana mkubwa," nikamjibu. "Nalitafuta jina lako kwenye orodha."