Kigelegele Nilichomwomba Mama Mkwe

Haya, nitasimulia mwenyewe, maana mke wangu ameshawaeleza nusu, na nusu aliyochagua ndiyo inayonidhalilisha. Ni kweli, mimi mtu mzima, mzee wa kanisa hapa Ihumwa, nilicheza kwenye msiba wa watu nisiowajua, tena mbele ya mama mkwe.

Tulikwenda Saigon, Vietnam, kwenye mahafali ya shemeji yangu Elia, anayesoma kule. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu Rehema, binti yetu Tumaini, na mama mkwe, mama mzazi wa Rehema na Elia, ambaye ametoka Mvumi na alikuwa hajawahi hata kuiona bahari, sembuse kupita juu yake. Tulifika asubuhi, jua limeshawaka, wakati kwa saa za Dodoma jogoo bado hajawika, na kwenye ndege hakuna aliyepata usingizi wa maana (mama alikataa kabisa kufumba macho, akasema anataka kujua tunapelekwa wapi). Elia akatufikisha hotelini, akasema, "Mimi nawahi mazoezi ya mahafali ya kesho. Shemeji, nawaomba mlale, jioni nitakuja niwatembeze."

Sasa mimi nimeomba likizo, nimebembeleza bosi, nimekaa uwanja wa ndege mpaka kiuno kikaota kutu, halafu nilale? Nikasema hapana. Nikawaambia oga, vaa, tunatoka.

Rehema akasema, "Baba Tumaini, mtoto anasinzia amesimama."

"Atachangamka akipigwa na upepo," nikajibu.

Upepo wenyewe haukuwepo. Joto la kule linakushika shingo, na pikipiki, ndugu zangu, acheni! Zinakuja kama mbuzi waliofunguliwa zizi, zinakupita kulia na kushoto, wala hakuna anayesimama. Tulivuka barabara tumeshikana mikono, mama mkwe katikati akisalimia kila dereva "mbukwa!" kwa Kigogo, kama vile yuko njia ya kwenda kisimani. Kichwa changu kilikuwa kizito, naona watu wawili wawili, lakini nikajikaza. Nikaapa sirudi hotelini kabla sijaona kitu cha kusimulia nyumbani.

Ndipo nikasikia matarumbeta.

Niambieni ninyi, hapa Dodoma ukisikia matarumbeta mtaani, ni nini? Si harusi? Tukafuata sauti mpaka kwenye kichochoro, tukakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki, maua makubwa ya mviringo yamepangwa mlangoni, taa za rangi, watu wanakunywa chai, na ndugu wote wamevaa sare, vilemba vyeupe kichwani. Nikamwambia Rehema, "Harusi! Tuingie tusalimie, tupige na picha."

Mama mkwe akasita. Akanivuta kwa pembeni (kwa heshima, maana sisi hatuzoeani kihivyo), akasema, "Baba, mbona bibi harusi simwoni?"

"Huenda bado anapambwa, mama. Na sisi ni wageni, tusiingie kimya kimya. Hebu wapigie kigelegele."

Yule mama ndiye anayeongoza vigelegele kanisani kwao. Alijaza kifua, akakitoa. Matarumbeta yenyewe yalinyamaza. Watu wote wakageuka, na mimi, badala ya kuelewa, nikadhani wamefurahi, nikaingia kati kwa miondoko ya kwetu, mabega juu mabega chini, Rehema ananirekodi, nikachomoa noti nikamtuza mpiga tarumbeta mfukoni mwa shati. Akainama kuniheshimu. Nikazidi! Nikaenda moja kwa moja kwa bibi mmoja mzee aliyekaa mbele, nikamshika mikono yote miwili, nikampongeza kwa Kiingereza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Macho ya yule bibi yalikuwa mekundu. Nikainua yangu. Nyuma yake kulikuwa na picha ya mzee kwenye fremu, udi unafuka, na kile nilichodhani ni meza ya zawadi kilikuwa jeneza.

Kijana mmoja akanisogelea, akaniambia taratibu kwa Kiingereza, "Huyu ni bibi yangu. Tunamzika babu kesho."

Nikaiachia mikono ya bibi. Rehema akashusha simu, akafuta ile video palepale, kijana akiona. Mzee mmoja mwenye kilemba alisema neno kwa ukali, akanigeuzia mgongo, na sikumlaumu. Nikamnong'oneza mama mkwe, "Mama, tumeingia msibani. Tuondoke haraka."

Akaniangalia. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuniangalia vile.

"Tuondoke twende wapi? Nimepiga kigelegele mbele ya maiti, halafu nikimbie? Mimi sitoki hapa mpaka nimempa pole mwenzangu."

Akavua khanga ya mabegani, akajitanda kichwani, akaketi sakafuni miguuni pa yule bibi, akaanza kulia kwa Kigogo. Nilimsikia akimtaja marehemu baba mkwe, ambaye tangu tumzike sikuwahi kumsikia akimlilia mbele ya watu. Yule bibi hakuelewa hata neno moja. Alisogeza kigoda kwa mguu, akampigapiga begani ili akikalie, kisha wakakaa wameshikana mikono, kila mmoja analia wake.

Nami nikaona kukaa tu haitoshi. Nikakunja mikono ya shati, nikaenda walikokuwa wanaosha vikombe, nikachukua beseni. Kijana akanikataza. Nikamwambia kwetu anayefika msibani anafanya kazi, akaniachia. Niliosha vikombe huku usingizi unanipiga makonde, nikawa naamshwa na maji ya baridi, Tumaini amelala juu ya viti viwili. Yule mzee mkali alipita akaniletea kikombe kichafu, akakitumbukiza beseni bila kuniangalia. Nikakiosha.

Jioni Elia, ambaye Rehema alimpigia simu kumweleza tulipo, alitukuta bado tupo. Tulipoaga, yule bibi alimsindikiza mama mkwe mpaka mwisho wa turubai.

Tukapanda teksi. Nikajikaza. "Mama, naomba unisamehe."

Akajifunga khanga vizuri. "Nimekusamehe, baba. Lakini kesho kwenye mahafali utakaa nyuma yangu. Mimi nikipiga makofi, ndipo na wewe upige."

Kesho yake nilikaa nyuma yake. Mikono nimeiweka mapajani, macho kwenye khanga yake, na sikupiga hata kofi moja kabla yake.