Kisu cha Bega la Mbuzi

Kwetu ndoa haijawa ndoa mpaka bwana harusi akate bega la mbuzi mbele ya wazee, ampe mke wake. Mchumba wangu, kijana wa karakana ya reli, aliapa hatalikata kwa kisu cha kuazima. Alitafuta kipande cha springi ya gari, akakifua na kukinoa mpaka kikawa kisu. Kilichobaki ni kukipa ugumu: kukipasha moto kiwe chekundu, kisha kukitumbukiza kwenye mafuta. Kazi hiyo akaileta uani kwetu Kariobangi, na sababu niliijua. Alitaka nimwone.

Alifika na shati la nailoni, kola pana ajabu, na ndara za patipati miguuni. Mama, aliyetulea kwa kukaanga mandazi, alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe kijana, hiyo shati toa. Nailoni ikishika moto inakugandia mwilini. Na hizo patipati? Mkwe wa kuchomeka mimi nitampeleka wapi?"

"Sawa, mama."

Akavalishwa koti la sufu la marehemu baba na buti zake za ngozi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama akaweka mfuniko wa sufuria kando ya mkebe wa mafuta, kisha ndoo ya maji akaiondoa kabisa.

"Mafuta yakiwaka, funika. Maji usiguse."

Kisu kilipoiva, alikishika kwa koleo akakitumbukiza. Mafuta yakawaka, mwali ukaruka hadi kidevuni. Nilipiga mayowe. Yeye hakukimbia, alichukua mfuniko, akafunika, moto ukafa. Jamani, nilimpenda upya palepale! Mama akatuita tule chapati, na kwa furaha ile mchumba wangu akasahau hatua ya mwisho: kukipasha kisu tena, polepole kwa moto mdogo, ili kisiwe kikavu cha kuvunjika.

Siku ya siku, kisu kiligusa kiungo cha bega, tak, kikakatika kama biskuti. Wazee wakatazamana. Mchumba wangu akabaki na mpini mkononi, jasho likimtiririka, nami nikaona ndoa yangu inaponyoka hivihivi.

Mama akainuka na kisu chake cha jikoni, akamkabidhi.

"Kata, mwanangu. Visu vinauzwa sokoni. Mikono haiuzwi."

Wazee wakaangua kicheko. Akakata, nami nikapokea bega langu kutoka mikono ile miwili isiyo na hata kovu.